Mfiwa Namba Saba

Saa mbili na nusu asubuhi ubao ulisoma milioni tisini na tisa, laki tisa na elfu tisini na tatu, na Profesa Nyamizi Kapela alikuwa amesimama chini yake akitafuna karanga kama mtu anayesubiri treni.

Ubao wenyewe ulikuwa ukuta mzima wa ukumbi wa taasisi yao ya ubongo, nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali ambapo miombo inaanza na nyuki wana haki kuliko wapangaji. Kila baada ya pumzi moja taa moja ilimeta na tarakimu ya mwisho ikapanda. Meta: Busan. Meta: Lima. Meta: Mpanda. Meta: mji fulani wa baridi ambao Nyamizi hakujua hata kuutamka.

Enzi za babu zake, msomi aliandika makala, wenzake wakamtaja chini ya ukurasa kwa herufi za kumtesa mwenye miwani, na hilo ndilo likaitwa rejeo. Mtu akifikisha marejeo elfu mbili alitembea kifua mbele mpaka akajigonga milangoni. Siku hizo zilishapita. Sasa makala ya ubongo haisomwi tu, inavaliwa. Mtafiti hunasa namna ubongo wa mtu mmoja ulivyotenda jambo fulani, njia nzima, chembe kwa chembe, na alama hiyo huitwa unyayo. Mganga wa upande wa pili wa dunia humvika mgonjwa wake kofia, na kwa saa nzima ubongo wa mgonjwa unaukanyaga unyayo ule, unaukanyaga, unaukanyaga tena, mpaka njia ya mwenzake inakuwa njia yake. Hapo taa moja inameta Tabora. Rejeo moja, kichwa kimoja.

Katika maisha yake yote Nyamizi alikuwa ametoa makala mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na kumi na moja kati ya hizo, ukizijumlisha zote, zilikuwa na marejeo kumi na tisa, na saba kati ya hayo alijirejea mwenyewe. Iliyobaki moja ndiyo ilikuwa ukutani. Kichwa chake kilikuwa kirefu na cha kitaalamu, lakini dunia iliiita kwa kifupi: Unyayo wa Mfiwa. Aliunasa akiwa na miaka ishirini na saba, katika msiba mmoja huko Sikonge, kutoka kwa mama mmoja aliyefiwa na mume, ambaye katikati ya kilio chake ubongo ulifanya jambo ambalo hakuna mashine iliyowahi kuliona: uligeuza msiba ukawa kicheko bila kuusahau msiba. Katika makala mama huyo hakuwa na jina. Alikuwa Mfiwa Namba Saba.

Nyamizi naye alikuwa mmoja wa taa hizo. Miaka kumi na moja iliyopita alimzika Mihayo, mwanawe wa pekee, aliyeondoka kwa homa ya siku nne akiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya saba alivaa kofia, akaukanyaga unyayo wa makala yake mwenyewe. Tangu hapo aliweza kulitaja jina la mwanawe kama anayetaja stesheni: Mihayo, Urambo, Kaliua. Halikumchoma. Wakati mwingine alijiuliza kama lilipaswa kumchoma, akaenda kunywa chai.

Kwa hesabu ya ubao, saa nane mchana wangefika milioni mia moja. Unyayo ukifika hapo hubadilika daraja, unaitwa Unyayo Mama, na kanuni ya dunia nzima inasema Unyayo Mama haupimwi tena. Hauulizwi maswali. Hauwezi kupingwa, hata na aliyeuandika. Unaweza kuvishwa mtu yeyote, popote, siku hiyohiyo. Na wa kwanza kuvishwa walikuwa tayari wamepanga foleni angani: walinzi wa vioo, watu mia tatu na arobaini, kila mmoja peke yake ndani ya kibanda chake cha chuma juu ya dunia, akigeuza kioo cha kupunguza makali ya jua, miaka mitatu bila kushuka. Mlinzi akifiwa kule juu hashuki kuzika. Kofia mia tatu na arobaini zilikuwa zimeshapelekwa. Zilisubiri tarakimu tu.

Saa tatu mlango ukafunguliwa, akaingia Dokta Anyosisye Mwakalinga, mkurugenzi wa taasisi, na tai yake ya njano ya sherehe. Kando yake alikuwapo bibi mwembamba wa miaka themanini na sita, ameshuka asubuhi hiyo kwenye treni kutoka pwani, kikapu mkononi, kanga mbili mpya, macho ya mtu anayetafuta pa kuchokonoa. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima kumpata. Alikuwa Bi. Mwajabu Kondo wa Maneromango, na ndiye aliyekuwa Mfiwa Namba Saba.

Bibi aliutazama ubao, akamtazama Nyamizi juu hadi chini.

"Ndiye huyu Mnyamwezi aliyenivika chungu kichwani," alisema. "Umezeeka. Nilidhani ninyi wapagazi hamzeeki, mnachakaa tu kama gunia."

Wafanyakazi wakatazamana. Nyamizi akatabasamu lile tabasamu la kupigia picha, akampokea kikapu. Mkurugenzi, Mnyakyusa asiyezoea maneno ya namna hiyo, akadhani bibi amechoka na safari. Akaanza kumsomea maneno yaliyochongwa kwenye kibao cha shaba ambacho angekabidhiwa saa nane: kwa mama aliyempoteza mumewe na kuipa dunia faraja.

"Soma tena hapo," Bi. Mwajabu alisema.

Akasoma tena.

"Mume gani?"

*

Walimpeleka ofisini kwa Nyamizi, wakampa chai na asali, na hapo ndipo yakatoka.

Mume wa Bi. Mwajabu, alisema mwenyewe, hajafa hata leo. Yuko Maneromango anamsumbua kuhusu meno ya bandia. Miaka ile walikuwa wakiishi Sikonge, mume akifanya kazi kwenye maghala ya tumbaku, na yeye alikuwa Mzaramo pekee katika mji wa Wanyamwezi. Maana yake alikuwa mtani wa mji mzima. Hakuzikwa mtu Sikonge bila kuitwa Mwajabu. Alipokufa Mzee Msabila wa mashine ya kukoboa, alifika alfajiri, akaivua kanga ya mjane akajifunga yeye, akajigaragaza mavumbini akilia kwa sauti ya mjane mwenyewe: mume wangu wee, nani atanikoromea sasa, nani atapoteza miwani yake kichwani kwake.

"Ukaingia wewe," alisema, "kisuruali, mashine mkononi, karatasi mkononi. Unanong'ona kizungu. Ukaniuliza, wewe ni nani wa marehemu. Nikakwambia mke mkubwa."

Nyamizi aliketi.

"Basi chumba kizima kikafa kwa kicheko. Wenzangu wakajifunika kanga nyuso, mabega yanatikisika."

Mabega yanatikisika. Nyamizi aliyakumbuka mabega yale. Aliyaandika ukurasa wa nne: wanawake waliomzunguka walitikisika kwa kwikwi. Alikulia Addis na Geneva, binti wa ofisa wa ubalozi. Unyamwezi wake ulikuwa wa kwenye pasi ya kusafiria. Akiwa na miaka ishirini na saba alikuwa hajawahi kukaa msibani ndani ya chumba cha wanawake. Aliona kanga zinatikisika, akaandika kwikwi.

Akauliza mjane mwenyewe alikuwa wapi.

"Kalunde? Si ulimuuliza. Alikuwa kwenye kona. Ukamwambia, mama, huyu ni mke wa marehemu kweli? Akakwambia, ndiyo, huyo ndiye mkubwa, mimi mdogo tu. Kalunde maskini. Hakuwa amefungua kinywa tangu jana yake. Hilo ndilo neno lake la kwanza." Bibi akapuliza chai. "Akacheka baada ya hapo. Akalia vizuri, akala uji."

Nyamizi alifungua kabati la chini, akatoa fomu ya ridhaa, karatasi ya manjano yenye kidole gumba cha wino. Kwenye mstari wa uhusiano na marehemu kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wa kisomi, ulionyooka: mke mkubwa. Makala yenye marejeo mengi kuliko zote katika historia ya ubongo, na ukurasa wake wa kwanza ulijazwa na mtani.

*

Mwanasayansi akishtuka hakimbilii kulia, anakimbilia kupima. Nyamizi alimwomba Bi. Mwajabu avae kofia tena. Bibi akakubali kwa sharti kwamba safari hii isimharibie nywele, kwa vile amezisuka kwa ajili ya picha.

Kofia ilikuwa nyepesi siku hizi, kama kilemba cha pamba. Nyamizi akamwomba amtanie. Bibi hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alianza na viatu vya Nyamizi, akapanda kwenye shingo, akafika kwenye ukoo wake mzima na namna walivyobeba pembe za ndovu hadi pwani wakarudi na kikohozi. Na kwenye kioo cha mashine, juu ya ule unyayo wa zamani, unyayo mpya ukajichora mstari kwa mstari, kama mtu anayerudi nyumbani gizani na miguu inazijua ngazi.

Ni uleule. Miaka ishirini na minane, na ni uleule.

Nyamizi akavuta kiti karibu. Ubongo wa mfiwa hufunga. Hilo linajulikana, ni kama duka lililoteremsha vyuma: sehemu ya kusoma nyuso za watu inafifia, kila kitu kinageuka ndani. Unyayo huu ulikuwa kinyume. Ile sehemu ya kusoma nyuso iliwaka kama tanuri. Mara sita kwa sekunde ubongo wa Bi. Mwajabu ulikuwa ukiuliza swali moja kuhusu mtu aliye mbele yake: amecheka? bado? niongeze? niache? Nyamizi aliyajua mapigo hayo sita. Yalikuwepo tangu mwanzo. Katika makala aliyaita kelele za mashine, akayafuta kwenye mchoro ili upendeze.

Kwa hiyo vichwa milioni mia, kasoro elfu chache, havikuwa vimepewa ubongo wa mfiwa aliyefarijika. Vilikuwa vimepewa ubongo wa mtani.

Basi kwa nini walipona?

Akafungua ramani. Watafiti wa dunia walikuwa wameandika makala elfu nne kuhusu jambo moja tu lililowasumbua katika unyayo huu, jambo walilolibatiza tabia ya ziada, na wale wasio na adabu wakaliita kichaa cha msibani. Waliovaa unyayo walikuwa hawakai kwao. Walikwenda kwenye misiba ya watu wasiowajua. Nyamizi akagusa nukta moja, ikafunguka picha ya mji wa baridi, theluji hadi magotini, jeneza mlangoni. Wanaume wawili wageni wakaingia uani bila kualikwa. Mmoja akaichukua kofia ya marehemu kutoka msumarini, akaivaa, akatembea huku na huku akilalamika kwamba kahawa ni nyepesi, na mjane, mama mnene mwenye pua nyekundu, akashika mlango asianguke, akacheka mpaka akakaa chini. Yule wa pili alikuwa ameshachukua sepeto, anaondoa theluji njiani.

Bi. Mwajabu alisogeza uso karibu na kioo. Akatazama picha ya Busan, vijana wanakata vitunguu jikoni kwa mfiwa wasiyemjua, mmoja anamwigiza marehemu akikataa kulipia simu. Akatazama ya Lima.

"Hawa," aliuliza taratibu, "ni Wazaramo wa wapi?"

Nyamizi alikuwa tayari ameinamia ramani. Alikuwa amefanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya: aliacha kuhesabu vichwa, akahesabu umbali kati ya vichwa. Ramani ikabadilika rangi. Palipokuwa na nukta nyingi jirani jirani, watu walipona wote. Palipokuwa na chache, walipona nusu. Akatazama ile rangi ikitambaa kutoka bara hadi bara. Dawa haikuwa ndani ya kichwa cha mtu yeyote. Dawa ilikuwa katikati ya watu. Mgonjwa alivishwa utani, akaenda kumtania mwenzake, na mwenzake akaja kumtania yeye. Na hivyo bila kujua, kwa karatasi moja iliyojazwa vibaya, nusu ya miji ya dunia ilikuwa imekuwa watani, wanazikana, wanafagiliana nyua, wanachekana, na wasomi wa zile makala elfu nne wanakuna vichwa wakitafuta tiba ya kuwazuia.

Na palipokuwa na nukta moja tu?

Hilo alilijua pia. Alilijua kwa miaka ishirini na saba. Katika majaribio ya kwanza walikuwa watu sitini, wakapona hamsini na tisa. Wa sitini alikuwa Mzee Ntabo, mfuga nyuki aliyeishi peke yake ndani ya msitu wa Ugalla, aliyefiwa na mke. Miezi miwili baada ya kofia alimtumia barua ya mkono, mstari mmoja: Profesa, kicheko kimekuja, nimekosa wa kumpelekea. Nyamizi aliandika pembeni ya jina lake "hitilafu ya kofia", akamwondoa kwenye jedwali. Hamsini na tisa kwa hamsini na tisa ni asilimia mia, na asilimia mia hurejewa. Mwaka uliofuata Mzee Ntabo alifariki. Cheti kiliandika: kutokula.

Watu mia tatu na arobaini, kila mmoja kwenye kibanda chake. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

*

Dokta Anyosisye alisikiliza yote akiwa amesimama, na lazima nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kama vipimo vimerudiwa, vikarudiwa mbele yake. Kisha akafunga mlango, akaketi, akailegeza tai.

Alimkumbusha Nyamizi kanuni nyingine, ile ambayo kila mwandishi anaisaini bila kuisoma. Mwandishi akikiri kosa kwenye chanzo cha unyayo, unyayo hulazwa. Si kwa wale watakaokuja tu. Kwa wote waliouvaa. Ujumbe unatumwa, na ndani ya siku tatu njia ile inafifia vichwani mwao kama hina kiganjani, mpaka utafiti urudiwe, jambo la miaka. Hakuna kukiri nusu. Hakuna kusema ulazwe angani, uachwe duniani.

"Vilio milioni mia, Profesa," alisema. "Utaviamsha vyote kwa siku moja, kwa ajili ya watu mia tatu na arobaini."

Nyamizi alisema anajua kuhesabu.

Basi akampa njia. Asubiri saa nane ipite, wapige picha, wale wali. Kesho wawaandikie wakubwa wa vioo barua ya faragha, ya kushauri tu, kwamba pengine si vizuri kumvisha mtu aliye peke yake. Nyamizi alimtazama kwa upole. Wote wawili walikuwa wameandika barua za kushauri kuhusu Unyayo Mama nyingine. Wote wawili walijua zinakowekwa.

"Na wewe je," Anyosisye alisema, sasa kwa sauti ya chini zaidi. "Na wewe umeuvaa, mama. Mimi mke wangu Tumpe ana miaka minne kaburini na ninalala usingizi. Mihayo wako. Umefikiri utakavyokuwa siku ya tatu?"

Alikuwa amefikiri. Hakuwa amefikiri kingine tangu saa sita na robo. Jina lake kwenye vitabu lilimuuma, asidanganye mtu, mia mbili na kumi na moja zisizosomwa na moja ya kufutwa. Lakini jina ni kitu cha kuvua. Mihayo hakuwa kitu cha kuvua. Nyuma ya ule utulivu wake kulikuwa na mlango, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuufungua kuona kuna nini.

Akamgeukia Bi. Mwajabu, aliyekuwa kwenye kona akila asali kwa kidole, akamuuliza lile swali ambalo fomu ilipaswa kumuuliza siku ile. Je, aliridhia?

"Niliridhia kukutania wewe," bibi alisema. "Vichwa vya watu sikuambiwa."

"Na kama ungeambiwa?"

Bibi akafikiri kweli, bila mzaha, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilimvua Kalunde kanga, nikamwigiza mumewe mbele ya maiti. Mtu mwingine angepigwa. Kwa nini mimi sikupigwa? Kwa sababu kabla ya jua nilikuwa nimeshachota maji mapipa mawili, na baada ya maneno nilishika ufagio. Siku tatu nilipika. Mtani ana kinywa na ana mikono. Sasa huyo mtu wako wa juu, umempa kinywa. Atamfagilia nani? Nani atamfagilia?" Akafuta kidole kwenye kanga. "Maneno bila ufagio ni matusi. Utakuwa umemtukana mfiwa."

Saa saba na dakika hamsini na moja walirudi ukumbini. Wageni walikuwa wamejaa, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, ubao unasoma milioni tisini na tisa, laki tisa, elfu tisini na tisa, mia tisa na arobaini. Meta: Kigali. Meta: Busan. Nyamizi hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda kwenye meza ya ubao, akaweka kidole ili imtambue, akaandika mistari mitatu.

Chanzo cha unyayo huu si mfiwa. Ni mtani. Kosa ni langu, na Mzee Ntabo wa Ugalla alilijua kabla yangu.

Meta: Lima. Sabini na moja. Meta. Sabini na mbili. Mkono wa Anyosisye ulikuwa umemshika kiwiko, si kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara. Kisha ukaachia.

Akabonyeza.

Hakukuwa na king'ora. Taa zilianza kuzimika upande wa mashariki, zikaja magharibi polepole, mji baada ya mji, na watu mia nne ndani ya ukumbi walisimama bila kuambiwa. Tarakimu zilishuka kwa kasi isiyosomeka, zikawa ukungu, zikawa sifuri. Walikuwa wakitazama ukubwa wa kile kitu kwa mara ya kwanza, kwa vile kilikuwa kinaondoka.

*

Siku ya kwanza hakuna lililotokea. Siku ya pili redio zikaanza kutaja hospitali. Yapo mabaya yaliyotokea, na wapo ambao hawakuiona siku ya nne. Nyamizi aliomba aletewe orodha, na orodha iko mezani kwake hadi leo. Wakubwa wa vioo walirudisha kofia, na kwa aibu wakatangaza kwamba kuanzia zamu ijayo vibanda vitakaa watu wawili wawili.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Nyamizi alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Ng'ambo, akisuuza kikombe. Kijiko kilikuwa bado ndani ya kikombe, kikagonga ukingo, ting, na mlango ukafunguka.

Hakujua kwamba sauti ile ilikuwa yake yeye. Alijikuta sakafuni, maji yanamwagika juu, na Mihayo akiwa amekufa, si miaka kumi na moja iliyopita, bali asubuhi ile, sasa hivi. Alilia kama asiyewahi kufundishwa.

Bi. Mwajabu alikuwa amekataa treni. Alisema haondoki kwenye nyumba yenye msiba mpaka matanga yaishe. Akaja jikoni, akafunga bomba, akaanza kushuka chini akae naye, kazi iliyomchukua muda, kila goti kwa zamu yake. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia ni mapenzi ya Mungu.

"Alikuwaje?" aliuliza.

Na Nyamizi, kati ya kwikwi na kwikwi, akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu: kwamba alikuwa hatoi kijiko kwenye kikombe. Anakunywa chai na kijiko ndani. Kila siku kinamchoma pua, kila siku anashangaa.

Nje kulikuwa na sauti ya kukwaruza. Nyamizi akainua kichwa. Kupitia mlangoni aliona uani Dokta Anyosisye, bila tai, macho yamevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, anafagia. Alifagia vibaya, vumbi linamrudia mwenyewe. Nyuma yake walikuwa wanaingia wengine, baadhi majirani, wengi asiowajua; mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mmoja na ndoo, mama mmoja na sufuria la mihogo. Nyuso zao zote zilikuwa zimelowa. Kila mmoja alikuwa na kilio chake kipya nyumbani. Unyayo ulikuwa umelala vichwani mwao tangu alfajiri. Mashine zote zilithibitisha hivyo. Hakuna kofia iliyowatuma.

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma habari, na mtangazaji alikuwa anasita, kama asiyeamini karatasi yake: Busan vivyo hivyo, Lima vivyo hivyo, na mji ule wa theluji, watu wametoka majumbani wakilia, mikononi sepeto, wanabisha hodi kwa wanaolia zaidi.

Anyosisye alifika mlangoni, akaegemea ufagio.

"Nimesikia hapa kuna marehemu makala," alisema, sauti inamkatika. "Nimekuja kuzika. Ameacha marejeo mangapi?"

"Sifuri," Bi. Mwajabu alimjibu kutoka sakafuni. "Na mjane wake ni Mnyamwezi, hata kulia hajui, analia kama gari bovu."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kile kikombe, akaweka kijiko ndani. Akakiinua mpaka mdomoni, kijiko kikamchoma pua, akakitazama kwa mshangao mkubwa, kama mtu anayekutana na kijiko kwa mara ya kwanza duniani. Akanywa tena. Kikamchoma tena. Akashangaa tena.

Nyamizi alimtazama. Kitu kilipanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio kingine, na kilikuwa kilio, lakini kilibeba kingine mgongoni.

"Sivyo, Mzaramo wewe," alisema. Alipangusa kamasi kwa kiganja kizima. "Unakunywa kama uko kwenye ngoma ya mdundiko. Yeye alikuwa anaweka kijiko upande wa kushoto. Kushoto. Kwa sababu kulia alikuwa ameshakizoea."

Bi. Mwajabu akakihamishia kijiko kushoto, akainua kikombe, akaanza upya.